Dakika Ishirini Ndani ya Bekari

Jumamosi hiyo, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Ngazi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akiitazama bekari ya mama mkwe wake mtarajiwa kama mtu anayemtazama mbwa mkali bila kujua kama amefungwa au la. Mlango wa bekari ulikuwa wa bluu, wenye kioo kidogo juu kilichojaa mvuke. Harufu ya mkate wa moto ilitoka kwenye bomba la moshi na kuvuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, ikamjia yeye moja kwa moja.

"Hewa ngapi?" aliuliza Mzee King'ora, aliyesimama bega kwa bega naye.

"Sabini."

"Sabini! Tulipotoka kituoni ulisema mia na hamsini!"

"Hapo tulikuwa hatujapita kwenye ile kona, Mzee. Harufu ilikuwa haijanifikia."

Mtu yeyote aliyewasikia angedhani wamechanganyikiwa. Lakini wazimamoto wanaelewana. Anayeingia kwenye moshi hubeba mtungi wa hewa mgongoni, na mtungi ukijaa mshale husoma mia mbili. Ukishuka hadi hamsini, filimbi ndogo hulia karibu na sikio: geuka, toka, hewa inakwisha. Hapo kituoni kwao walikuwa na kikao chao kila Jumatano baada ya chakula cha mchana. Walikaa nyuma ya gari kubwa, juu ya mipira ya maji iliyoviringishwa, bila vyeo, na kila mmoja alikuwa na mwenza wake. Mwenza akikuuliza "hewa ngapi," hakuulizi habari za mtungi. Anakuuliza habari za moyo wako, na ni marufuku kumdanganya.

Mwenza wa Ngazi ni huyu Mzee King'ora, dereva wa gari la zimamoto aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Jina lilimfaa, kwa sababu hata akinong'ona watu hupisha njia. Zamani aliwahi kuishiwa hewa ndani ya ghala, na tangu hapo hakuweza kuvumilia mlio wa filimbi yoyote. Kwa heshima yake, birika la kituoni lilinyofolewa filimbi yake, na chai ilikuwa ikichemka kimyakimya kama inaomba msamaha.

Ngazi mwenyewe alikuwa msichana mrefu, mwenye miaka sita kazini, aliyekuwa akipanda juu ya nyumba zinazoungua kama wengine wanavyopanda kitandani. Kisha likaja lile jambo la karakana ya seremala, miezi minane iliyopita. Alipoteza ukuta ndani ya moshi, filimbi ikalia, na kwa dakika saba akatambaa huku na huku akizisikia pumzi zake zikihesabika. Mzee King'ora ndiye aliyemkamata mkanda na kumvuta nje kama gunia la viazi. Daktari alimpima akasema mapafu safi, damu safi, moyo unapiga vizuri kabisa. Daktari hakuipima miguu. Miguu ndiyo iliyogoma. Tangu siku hiyo, ikikutana na chumba kilichofungwa chenye joto na harufu ya kuni, ilikuwa inasimama tisti na kukataa amri. Mkuu wa kituo, mtu mwenye busara, alimpa Ngazi kazi ya pampu, nje, mpaka hapo miguu itakapopatana na mwenye nayo.

Na katika dunia nzima, ikamwangukia kumpenda mwoka mikate.

Kijana huyo alikuwa analeta mikate kituoni kila siku saa kumi na mbili asubuhi, unga kwenye nyusi, kapu begani. Mwezi wa kwanza walisalimiana. Mwezi wa pili alianza kumletea mkate mmoja wa peke yake, mdogo, uliosukwa kama nywele. Mwezi wa tatu alimwambia, huku akilitazama kapu badala ya kumtazama yeye, "Mimi nikiamka usiku kukanda unga, wa kwanza kumkumbuka ni wewe. Hamira naikumbuka baadaye." Ngazi hakuwa amewahi kusikia maneno matamu kama hayo. Alikubali pale pale, getini, mpira wa maji mkononi.

Tatizo ni kwamba hajawahi kukanyaga bekari. Mara mguu umeteguka, mara zamu imebadilishwa. Mara moja alituma ujumbe kwamba tumbo lake halipatani na ngano, siku hiyo hiyo mchumba wake alipomwona akimaliza mkate mzima bila hata kuketi. Shangazi wa mwoka mikate alishafikia uamuzi: "Msichana huyo anaona kinyaa. Unga wetu utamchafulia buti." Na mama wa mwoka mikate, ambaye wateja wote walimwita Mama Mkate, akatoa neno la mwisho: "Aje Jumamosi saa nne, asimame mbele ya tanuri langu aniambie anamtaka mwanangu. Akishindwa kusimama hapo, asisimame naye popote."

Ngazi aliyapeleka maneno hayo kwenye kikao cha Jumatano akilia. Wenzake wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakafanya kitu pekee wanachokijua. Wakapanga kazi kama ya moto.

"Tunarudia," alisema Dakika. Huyu alikuwa mzimamoto mfupi, mtunza ubao, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa hata kupiga chafya. Ubao wenyewe aliukumbatia kifuani. "Wawili ndani, wawili nje. Wanaoingia ni Ngazi na Mzee. Mnaingia saa nne kamili na kutoka saa nne na dakika ishirini. Dakika ya ishirini na moja tunakuja kuwatoa."

"Mtatutoa vipi? Ni nyumba ya watu," alisema Ngazi.

"Nitapiga simu kwanza. Sisi si wahuni."

"Na lile shoka?"

Wote walimgeukia Pole, mwanamume mkubwa, mpole, mwenye shoka la kazi mkononi. Pole alilitazama shoka kama vile ndiyo kwanza analiona.

"Mazoea," alisema.

Dakika alitundika vibati viwili vyenye majina kwenye ubao, akaandika kwa chaki saa ya kuingia na hewa ya kila mmoja. Safu ya saa ya kutoka aliiacha, kwa kuwa ilikuwa haijafika. Ngazi alilinyoosha gauni lake jeupe, akafumba macho. *Ee Mungu wangu,* aliomba, *sikuombi mengi leo. Nipe miguu tu. Maneno nitayatafuta mwenyewe.*

Akavuka barabara.

*

Mwoka mikate ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amevaa shati jipya, tayari lina unga. Walitazamana kizingitini, na kwa kitambo kidogo Ngazi akasahau tanuri, akasahau hata jina la barabara. Macho ya yule kijana yalimwambia: *umekuja kweli.* Macho ya Ngazi yakajibu: *nisukume kidogo.*

"Karibu," alisema kijana kwa sauti ndogo. "Usiogope. Mama anabweka tu."

"Nimesikia!" ilitoka sauti ndani.

Joto lilimpiga Ngazi usoni kama taulo la moto. Mbele yake kulikuwa na meza ndefu ya kukandia, mashine ya kuchanganyia unga ikinguruma pembeni, na kule mwisho, ndani ya ukuta, tanuri. Mdomo wake ulikuwa wazi na mwekundu. Miguu ya Ngazi ikasimama. Akauvuta mguu wa kulia. Ukaja. Akauvuta wa kushoto. Ukaja, shingo upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Mkate alikuwa mfupi na mpana, na alikuwa na mikono ambayo ingeweza kumnyoosha mtu. Alimpima mgeni kuanzia chini, akafika kiunoni, akaendelea kupanda. "Mh. Wewe hujaishia? Na huyu ni nani, babu yako?"

"Ni mwenza wangu wa kazini, mama."

"Umekuja kuchumbiwa na mwenzako wa kazini?"

"Wawili ndani, wawili nje," alieleza Mzee King'ora, na vyombo vikatetemeka kwenye rafu.

"Sijui unasema nini, lakini usiseme tena kwa sauti hiyo, unga wangu unaumuka. Simu kwenye kikapu, nyote wawili. Kwangu simu haziingii kwenye unga. Shangazi, funga mlango, hamira haipendi upepo!"

Shangazi, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu, alisukuma komeo la chuma. Ngazi alilisikia likigonga. Mzee King'ora naye alilisikia. Walitazamana.

"Hewa ngapi?" alinong'ona Mzee, kwa kipimo chake cha kunong'ona.

"Sitini."

"Wanahesabu nini hawa?" aliuliza shangazi.

"Wewe mzee, mbona umesimama kama nguzo?" alisema Mama Mkate. "Mikono unayo? Osha, njoo ukande. Nami niweke maji ya chai, halafu nimsikie huyu binti."

Kabla Mzee King'ora hajajitetea alikuwa tayari ana unga mpaka kwenye viwiko, shangazi akimwelekeza. "Sukuma kwa kiganja! Unaubembeleza wa nini? Hujawahi kuoa?" Mwoka mikate alimsogelea Ngazi, akasimama karibu kiasi kwamba mikono yao iligusana, wala hakuna aliyeuondoa wake.

"Sema lolote," alimnong'oneza. "Hata ukisema hunitaki. Ila usiniambie tena habari ya tumbo na ngano."

"Nakutaka," alisema Ngazi. "Nakutaka mpaka nakosa adabu. Tatizo si wewe."

"Tatizo ni mimi?" aliuliza Mama Mkate, aliyekuwa amegeuka, mikono kiunoni. "Au bekari yangu? Mume wangu alilijenga hili tanuri tofali kwa tofali. Mwanangu amelelewa na mkate huu. Miezi mitatu, binti, mimi nakuita, wewe unanitumia visingizio kama mtu anayekwepa chanjo. Leo niambie ukweli. Una nini na nyumba yangu?"

Ngazi alifumbua kinywa. Aliyapata maneno, aliyaona kabisa, yamejipanga. Lakini ndani yake kulikuwa na hofu kubwa kuliko ya tanuri: kwamba akishasema, wataitana pembeni na kuulizana kwa sauti ya chini kama msichana huyu ana akili timamu, na kama maradhi hayo yanarithiwa na watoto. Akafunga kinywa.

Hapo ndipo birika lilipochemka.

Lilikuwa birika jipya, lenye filimbi yake kamili. Lilianza kwa mlio mwembamba, kisha likapiga kwa nguvu, karibu kabisa na sikio la Ngazi.

Alichofanya hakukiamua. Mwili uliofundishwa miaka sita ulijiamulia wenyewe. Alishuka chini, gauni jeupe na yote, akaegemeza bega la kulia ukutani, akapeleka mkono mbele kupapasa njia, na akaanza kutambaa. Upande wa pili wa meza, Mzee King'ora alitoweka machoni kama aliyekatwa miguu. Akatokea chini ya meza kwa magoti, unga mpaka mabegani, akamshika Ngazi kifundo cha mguu kama sheria inavyotaka, na wakaanza kuzunguka ukuta wa bekari, mmoja nyuma ya mwingine, kwa bidii na utaratibu.

"Wamedondosha nini?" aliuliza shangazi.

Mwoka mikate alikuwa amesimama, kijiko mkononi. Hakujua wanakwenda wapi, wala wanakimbia nini. Aliona tu kwamba mchumba wake yuko sakafuni na uso wake umebadilika. Akaweka kijiko chini, akapiga magoti, akakishika kifundo cha Mzee King'ora, na akafuata.

"Na wewe!" alifoka mama yake.

"Sijui, mama! Ondoa birika!"

Mama Mkate aliondoa birika. Mlio ukakatika. Wale watatu wakakoma pale pale, karibu na magunia, wakihema kama waliokimbia mji mzima. Shati jipya lilikuwa limepata rangi ya sakafu.

"Hewa ngapi?" aliuliza Mzee King'ora akihema.

"Ishirini," alisema Ngazi. Akaanza kulia, na pale sakafuni, kwa sababu hakuna tena pa kushukia, akasema yote. Karakana. Moshi. Ukuta aliopoteza. Filimbi. Dakika saba. Miguu. Jinsi anavyosimama ng'ambo ya barabara jioni nyingine akiiangalia taa ya bekari, akimpenda aliyemo ndani na asiweze kuvuka.

"Sioni kinyaa, mama," alimalizia. "Naogopa. Mzimamoto mzima, naogopa tanuri la mikate. Kama mnaona sifai, nitaelewa."

Mashine iliendelea kunguruma.

"Kwa hiyo ana wazimu au hana?" aliuliza shangazi.

"Hata mimi ninao huo huo," alisema Mzee King'ora kwa heshima kubwa, akiwa bado kwa magoti. "Miaka tisa sasa. Mke wangu ananipikia chai kwenye sufuria."

Mama Mkate alivuta gunia la unga, akaketi. Alilipapasa gunia kwa kiganja.

"Mume wangu alipofariki," alisema, "nilishindwa kulala. Upande wake wa kitanda ulikuwa unanitazama. Basi nikauwekea gunia la unga. Kilo hamsini. Mpaka leo lipo. Nalifunika shuka."

Shangazi alimgeukia polepole. "Ndiyo maana kila nikifua shuka zako zinakuwa uji!"

"Ndiyo maana."

"Miaka minne nimelaumu sabuni!"

"Mama," alisema mwoka mikate, "hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako ameolewa na gunia?" Akajipangusa macho kwa aproni, na aproni ikamwachia unga kwenye mashavu. "Binti, njoo hapa. Hapana, usisimame kama huwezi. Tambaa tu, nishakuzoea."

Ngazi alicheka huku machozi yakimtoka. Mchumba wake alikuwa tayari ameuacha mguu wa Mzee King'ora na kuushika mkono wake. Unga wa vidole vyake ulikuwa laini na wenye joto. "Miezi mitatu yote hii," alisema kijana, "nilidhani unanionea haya."

"Nilidhani utanikimbia."

"Nikimbie niende wapi? Sijui hata kutambaa vizuri."

Nyuso zao zilikuwa zimekaribiana sana. Saa ya ukutani, juu ya vichwa vyao, ilikuwa inasoma saa nne na dakika ishirini na moja, na hakuna hata mmoja aliyeitazama.

*

Nje, Dakika alikuwa ameitazama. Alipiga simu ya Ngazi, na simu ikalia ndani ya kikapu, chini ya vitambaa. Alipiga ya Mzee King'ora. Alibisha mlango, ngurumo ya mashine ikameza sauti. Alisukuma, komeo likakataa. Mwishowe Pole akamnyanyua, naye akabana jicho kwenye kona isiyo na mvuke ya kile kioo kidogo na kuchungulia.

"Watu watatu chini!" alipiga kelele. "Mmoja mweupe kabisa!"

Kuhusu yaliyofuata, Pole alisema baadaye kwamba hakumbuki kuamua. Mazoea.

Mlango wa bluu uliingia ndani mzima, komeo likaruka mpaka kwenye kapu la mikate. Upepo wa barabarani uliingia nao, ukapita juu ya sinia zote za unga ulioumuka, na unga ule, mbele ya macho ya mwenyewe, ukashusha pumzi na kulala. Kwenye mwanga alisimama Pole na shoka lake. Mbele yake Dakika na ubao.

"Dakika ishirini na mbili!" alisema Dakika. Kisha akawaona: Ngazi na mchumba wake wameshikana mikono, Mzee King'ora mweupe kama sanamu, bibi mwenye unga mashavuni ameketi juu ya gunia. "Hamkutoka," aliongeza, kwa sauti iliyokuwa imepungua sana.

Mama Mkate alisimama. Aliuangalia mlango. Aliuangalia unga. Pole alilificha shoka nyuma yake, ingawa lilionekana pande zote mbili.

"Mmevunja mlango wangu," alisema Mama Mkate, "kwa sababu huyu binti amechelewa dakika mbili?"

"Moja ilitosha," alisema Dakika. "Ya pili tulikuwa tunabisha."

Mama Mkate alimwendea, akauchukua ubao, akausogeza kwenye mwanga. Aliyasoma majina, saa ya kuingia, hewa. Alisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Na mimi nilikuwa na wasiwasi nani atamtunza mwanangu," alisema. "Shangazi, weka unga mwingine. Ninyi, osheni mikono, nyote. Wewe mwenye shoka, una mikono mizuri ya kukandia. Mlango mtautengeneza mchana."

Ngazi aliinuka. Miguu ilitetemeka, lakini ilishika. Alikwenda hatua kwa hatua, mchumba upande mmoja na mwenza upande wa pili, mpaka mbele ya tanuri, karibu kiasi cha kuhisi nyusi zikipata joto. Moyo ulikuwa unagonga. Aliuacha ugonge.

"Namtaka mwanao, mama," alisema.

"Hewa ngapi?" aliuliza mwoka mikate. Alilisema neno hilo kwa uangalifu, kama mtu anayeazima kitu cha thamani.

Ngazi alifikiri, kwa sababu ni marufuku kudanganya. "Tisini. Inapanda."

Kijana aliuchukua ubao kutoka kwa mama yake. Hakuwa na kibati, basi akaandika jina lake kwa kidole chenye unga, chini ya jina la Ngazi. Saa ya kuingia aliiandika pia. Dakika alisogea, chaki tayari, maana huo ulikuwa ubao wake.

"Na saa ya kutoka?" aliuliza. "Niandike ngapi?"

Mwoka mikate alimtazama Ngazi. "Acha wazi."

"Haiwezekani. Sheria hairuhusu safu tupu."

"Mwanangu," alisema Mama Mkate, akimwekea Dakika donge la unga kwenye kiganja mahali pa chaki, "umenivunjia mlango. Acha wazi."